Stelingi Hafi: Mazungumzo ya Wapenzi wa Sinema na Istilahi za Uhakiki wa Filamu

1.0 Utangulizi

Malalamiko kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha za kuhakiki filamu yamesikika kwa muda mrefu katika idara za Kiswahili na za sanaa za maonyesho. Mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu kuhusu filamu huanza kwa kuazima istilahi za riwaya na tamthilia: mhusika mkuu, msuko, mandhari, dhamira. Zinapomwishia, hugeukia Kiingereza na kutafsiri neno kwa neno, au husubiri vyombo vyenye dhamana ya kusanifu istilahi vimpatie orodha. Wakati huohuo, nje ya ukumbi wa mihadhara, barazani, kijiweni, ndani ya daladala na kwenye vibanda vya kuonyeshea video, watu wasiojiita wahakiki huzungumza juu ya filamu, za kale na za leo, tangu jioni hadi usiku wa manane, wala hawaonekani kupungukiwa na maneno.

Makala hii inatetea hoja moja, nayo ni kwamba mazungumzo hayo ni uhakiki. Kwamba yana istilahi zake zenye maana mahususi. Na kwamba istilahi hizo zinastahili kuingizwa kamusini na darasani kabla ya kubuniwa nyingine. Hoja hii haidai kwamba kila lisemwalo kijiweni ni elimu. Mengi ni soga, na soga nayo ina haki yake. Lakini ndani ya soga hiyo mna dhana ambazo taaluma bado haijazipatia jina, na miongoni mwa wanaozijua vyema zaidi ni wazee waliokaa katika majumba ya sinema ambayo leo hayapo tena.

2.0 Stelingi na mhusika mkuu

Neno linalofaa kuanza nalo ni stelingi, ambalo wengine hulitamka steringi. Asili yake haina utata. Katika mabango na maandishi ya mwanzo ya filamu za Kiingereza, na vilevile za Kihindi ambazo aghalabu maandishi yake yaliwekwa pia kwa Kiingereza, neno 'starring' hutangulia majina ya waigizaji wakuu. Kwa Waingereza hicho ni kitenzi. Mtazamaji wa Kiswahili hakukipokea hivyo. Alikisoma kama cheo kinachotangulia jina la mtu, mfano wa Shehe au Kapteni, akakigeuza nomino. Kifonolojia neno lilifuata njia iliyokwisha kupitiwa na stesheni na stempu: konsonanti mbili za mwanzo ziliachwa zilivyo, irabu ikapachikwa mwishoni, na /r/ ikawa /l/ kwa wasemaji wengi. Kisarufi liliingia katika upatanisho wa a-/wa-, na wingi wake ukawa mastelingi, kama walivyo mabosi na madereva. (Kwamba fedha ya Uingereza nayo huitwa stelingi ni sadfa ya matamshi, na hajasikika mpenzi wa sinema aliyezichanganya.)

Hapa pana jambo ambalo wanaisimu hawana budi kulizingatia. Neno hili halina kisawe katika lugha lilikotoka. Mwingereza hawezi kumwita mtu 'starring'. Kwa hiyo kinachoitwa mkopo ni umbo tu. Maana imeundwa hapahapa, na walioiunda ni watazamaji.

Maana yenyewe ni ipi? Wanaolifasili stelingi kuwa ni mhusika mkuu wa filamu hupoteza zaidi ya nusu yake. Mhusika mkuu ni yule ambaye matukio humzunguka kuanzia mwanzo wa kazi hadi mwisho. Anaweza kuwa mwovu, anaweza kushindwa, na anaweza kufa. Rosa, katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), ni mhusika mkuu asiye na shaka, na hujiua. Lakini hakuna msomaji ambaye angemwita stelingi. Stelingi hufungamana na ahadi, na ahadi hiyo imefupishwa katika kauli inayojulikana Kenya na Tanzania: stelingi hafi. Atapigwa kwanza, tena kipigo cha kutia huruma. Atafungwa kamba, atatupwa mtoni, rafiki yake mpenzi atauawa mbele ya macho yake. Lakini hafi, na mwisho hapana budi akutane na adui mkuu ana kwa ana, baada ya vibaraka wote kumalizwa mmoja mmoja. Polisi nao watawasili kazi ikiwa imekwisha. Mtoto wa darasa la tatu anaijua kanuni hii bila ya kufundishwa na mtu yeyote.

Wanafunzi wa fasihi simulizi watakumbuka hapa kazi ya Vladimir Propp ya mwaka 1928, ambaye alichambua ngano za Kirusi na kubainisha majukumu 31 na nyanja saba za wahusika: shujaa, adui, msaidizi na wengineo. Istilahi za wapenzi wa sinema hukaribiana mno na za Propp. Stelingi, adui, kibaraka wa adui, rafiki wa stelingi, mchumba wa stelingi: kila mmoja hutambulikana kwa kazi anayoifanya katika kisa, wala si kwa tabia yake ya ndani. Tofauti ni kwamba Propp alitazama matini peke yake, ilhali dhana ya stelingi humhusisha pia mtazamaji na kile anachokitarajia. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kudai kwamba filamu 'imemwonea' stelingi, au kwamba fulani 'hakustahili kuwa stelingi', na wasikilizaji wakamwelewa mara moja. Kauli kama hizo haziwezi kusemwa kwa kutumia mhusika mkuu bila ya kuonekana za ajabu.

Ukali wa dhana hii huonekana pale kanuni inapovunjwa. Katika Sholay, filamu ya Kihindi ya mwaka 1975 iliyoongozwa na Ramesh Sippy, wamo mashujaa wawili: Veeru aliyeigizwa na Dharmendra, na Jai aliyeigizwa na Amitabh Bachchan. Wote wawili ni wahalifu wanaokodiwa na bwana mmoja aliyekatwa mikono, ili wamkamate jambazi Gabbar Singh. Jai hufa akimwokoa mwenzake, na hapo ndipo sarafu aliyokuwa akiirusha kila wanapotaka kuamua jambo inapogundulika kuwa ina sura ileile pande zote mbili: alikwisha kuamua kufa tangu awali. Je, stelingi wa filamu hiyo ni nani? Kanuni ikifuatwa bila huruma, ni Dharmendra, kwa kuwa Amitabh amekufa na stelingi hafi. Akijibiwa kwamba kifo cha Jai ndicho kinacholiza watu na ndicho kinachokumbukwa, msemaji atalazimika ama kuirekebisha kanuni, ama kukubali kwamba filamu moja inaweza kuwa na mastelingi wawili na mmoja akatolewa kafara. Mjadala wa namna hii, unaoweza kumaliza birika zima la kahawa, ni mjadala wa kinadharia. Unapima kanuni kwa mfano unaoipinga, na hivyo ndivyo ifanyavyo sayansi yoyote.

Mfano mwingine unatoka Hong Kong. Fist of Fury ya mwaka 1972 huishia kwa Chen Zhen, aliyeigizwa na Bruce Lee, kukimbilia bunduki za polisi na kuruka. Picha husimama akiwa hewani, milio ya risasi ikisikika. Filamu haionyeshi maiti. Anayeitetea kanuni anayo nafasi ya kusema kwamba stelingi hakufa, kwa kuwa hakuna aliyemwona akianguka. Na hoja hiyo si ya kitoto, maana mtengenezaji wa filamu ndiye aliyechagua kusimamisha picha pale. Bruce Lee mwenyewe alifariki tarehe 20 Julai 1973, kabla ya Enter the Dragon kuanza kuonyeshwa. Mtazamaji aliyeiona filamu hiyo alimwona stelingi akishinda, ilhali mwigizaji yumo kaburini. Neno moja hutumika kwa wote wawili, mwigizaji na nafasi yake, na kamusi yoyote itakayoliingiza haina budi kuzitenga maana hizo.

Suala la wanawake halijazungumzwa vya kutosha. Katika Mother India (1957), Nargis huigiza mama anayelea watoto katika ufukara, akidhulumiwa na mkopesha fedha, na mwishowe humpiga risasi mwanawe mwenyewe ili kulinda heshima ya msichana wa kijiji. Hapigani mateke, wala hamshindi adui kwa ngumi. Hata hivyo ndiye anayebeba ahadi yote ya filamu. Ikiwa stelingi ni yule anayerusha mateke tu, Nargis hayumo. Ikiwa ni yule ambaye mtazamaji amemkabidhi moyo wake, basi ni stelingi kuliko wote. Utafiti juu ya jinsi wanawake walivyolitumia neno hili ungefaa sana, hasa Unguja, ambako yalikuwapo maonyesho ya sinema ya wanawake peke yao.

3.0 'Picha linaanza'

Nomino ya pili yenye kuvutia ni picha. Katika Kiswahili sanifu nomino hii imo katika ngeli ya I-ZI: picha imechakaa, picha zimepotea. Inapomaanisha filamu, wasemaji wengi, hasa mabingwa wa mazungumzo haya, huipatanisha na LI-YA: picha limeanza, picha limenoga, picha la Kihindi. Kwa kawaida kuihamisha nomino kutoka I-ZI kwenda LI-YA huleta maana ya ukubwa au ya dharau, kama nyumba inavyokuwa jumba. Hapa dharau haipo. Lililopo ni ukubwa wa tukio, pamoja na shauku ya msemaji. Zaidi ya hayo, upatanisho huo hutenganisha maana mbili za neno moja: anayesema picha ile huweza kuwa anazungumzia ya ukutani, lakini anayesema picha lile haachi shaka. Wasahihishaji wa insha wanaolikata umbo hilo kwa wino mwekundu wanaifuta tofauti ya maana pamoja na kosa.

Kutokana na matumizi hayo umezuka usemi 'picha linaanza', ambao sasa hutumiwa na vijana wa Tanzania kufungulia kisa chochote, hata kisicho na uhusiano wowote na filamu. Msimulizi aliyeibiwa simu sokoni husema: picha linaanza, nimesimama zangu pale. Kidhima usemi huu ni ndugu wa 'Paukwa! Pakawa!' na wa 'Hapo zamani za kale'. Huwatangazia wasikilizaji kwamba mazungumzo ya kawaida yamekwisha na usimulizi umeanza. Wataalamu wa fasihi simulizi waliozoea kuomboleza kufa kwa fomyula za ngano wangefanya vyema kuitazama hii inayozaliwa.

Sinema imetoa misemo mingine kadhaa ya usimulizi. Kumpa mtu mkanda mzima ni kumsimulia jambo lote bila kubakiza. Trela ni dalili ndogo ya balaa kubwa linalokuja. Sinema ya bure ni kioja kinachotazamwa na wapita njia. Baadhi ya majina ya filamu yameacha kabisa kuwa ya filamu: Rambo, shujaa aliyeanza kuonekana katika First Blood (1982), aliwapa Watanzania mfuko wa rambo, na wako walioubeba mfuko huo kwa miaka mingi bila ya kuiona filamu, hadi mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwezi Juni 2019. Suruali pana za pekosi za miaka ya 1970 nazo, jina lake huhusishwa na filamu za kauboi za Kiitalia.

Hata hivyo jambo lenye uzito zaidi katika eneo hili ni kitendo chenyewe cha kuhadithia picha. Kabla ya televisheni kuenea, aliyekuwa na senti za kuingia sinema aliwajibika kuwahadithia wasiokuwa nazo. Usimulizi huo una sarufi yake. Hadithi huenda kwa -ka- ya mfuatano: akaruka, akampiga teke, akaangukia meza. Lakini panapofikiwa kilele msimulizi huiacha -ka- na kushika -na-: sasa jamaa anaingia, anamkuta adui amekaa, anamtazama. Kubadilika kwa njeo hakutokei kiholela. Ni kama kamera kusogea karibu. Tanakali za sauti hushika nafasi ya muziki na ya milio ya ngumi, na mwili wa msimulizi hushika nafasi ya picha. Asiyeiona filamu huimaliza hadithi akiwa ameiona, na huweza naye kuihadithia kesho yake kwa wengine, kwa nyongeza zake.

Kuanzia hapo mtu anaweza kuelewa kwa nini wasimulizi wa video walipata wateja wengi. Katika miaka ya 1990 na 2000, katika vibanda vya video na kwa njia ya kanda, wasimulizi kama Lufufu walizifasiri kwa Kiswahili filamu za Kimarekani, za Kichina, za Kihindi na baadaye za Kinigeria, sauti zao zikiwa juu ya sauti ya filamu. Kenya wanaye DJ Afro. Uganda kazi hiyo hufanywa zaidi kwa Kiganda, na wenyewe huitwa vijei. Matthias Krings, mwanaanthropolojia wa Kijerumani aliyewachunguza wasimulizi wa Tanzania, ameonyesha kwamba wenyewe huifananisha kazi yao na kuugeuza wali kuwa pilau. Tashibihi hiyo ni nadharia kamili ya tafsiri. Wali upo, haukutupwa. Lakini bila ya viungo vya msimulizi, yaani methali, utani, majina ya mitaa, na hukumu juu ya mwenendo wa wahusika, mlaji wa hapa hashibi. Wala jambo hili halikuanza na video. Filamu za majaribio ya BEKE, yaliyoendeshwa Tanganyika kati ya mwaka 1935 na 1937, zilikuwa bubu, na maelezo yake yalitolewa kwa sahani za santuri na vipaza sauti katika lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Tangu mwanzo, basi, sinema katika Kiswahili ilikuwa na mtu wa kuisemea. Lililobadilika ni kwamba msemaji wa serikali ya kikoloni aliwaambia watazamaji nini cha kujifunza, na Lufufu huwaambia kile ambacho wao wenyewe wangekisema kama wangepewa kipaza sauti.

4.0 Ya kale na mapya

Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures (2018), ameonyesha kwa ushahidi mwingi jinsi sinema ilivyokuwa sehemu ya maisha ya miji ya Tanzania katika karne ya ishirini. Majestic ya Unguja, Empire, Avalon, Empress na Odeon za Dar es Salaam, na ile ya kuingia na magari iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1966, zilikuwa mahali pa kukutania watu wa rika, dini na mitaa mbalimbali. Miongoni mwa filamu zilizokumbukwa na wazee wa Zanzibar kwa mapenzi makubwa ni Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951.

Kukumbukwa huko si muujiza. Jaji katika Awaara anaamini kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Humfukuza mkewe mwenye mimba kwa kumshuku, na mwanawe mwenyewe, aliyelelewa katika ufukara na jambazi, huwa mwizi kweli na kuja kusimamishwa kizimbani mbele ya sheria ambayo baba yake ndiye mtumishi wake. Suala zima la filamu ni lile ambalo Kiswahili kina methali zake pande zote mbili. Mtoto wa nyoka ni nyoka, husema upande mmoja. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, hujibu wa pili. Mtazamaji wa Unguja aliyekuwa na methali hizo mdomoni hakuhitaji kufunzwa Kihindi ili aingie katika mjadala wa filamu hiyo. Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha wazee katika kuisifu filamu ni kisa, na cha pili ni mafunzo. Picha iliyo na kisa hutazamwa mara tano. Isiyo na kisa, hata iwe na milipuko kumi, haina kichwa wala miguu.

Vijana hulaumiwa kwamba wao hutazama mapigano na ufundi wa kompyuta tu. Lawama hiyo ni nyepesi. Vijana wamelirithi neno stelingi, na wanalijaribu katika mazingira magumu kuliko ya wazee wao. Katika tamthilia ndefu za televisheni, wanazoziita sizoni, mhusika aliyeonekana kuwa ndiye stelingi huweza kukatwa kichwa kabla ya msimu wa kwanza kwisha, kama ilivyomfika Ned Stark katika Game of Thrones mwaka 2011. Tony Stark naye hufa katika Avengers: Endgame (2019) baada ya filamu nyingi za ushindi. Kijana anayeuliza kama baada ya hayo stelingi bado yupo, au kama amegawanyika kuwa watu wengi, anauliza swali ambalo nadharia ya usimulizi hulishughulikia kwa maneno marefu zaidi.

Filamu za Kiswahili zenyewe zimekuja na msamiati wake. Historia yake ni ndefu kuliko inavyodhaniwa: Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, alikuwa mwigizaji katika Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, na Arusi ya Mariamu ilitoka mwaka 1985. Lakini ni kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na filamu kama Girlfriend (2003), ndipo ilipozuka biashara kubwa ya Bongo Muvi, na pamoja nayo mazungumzo juu ya waigizaji ambao mtazamaji angeweza kukutana nao njiani. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, umati uliofurika kumzika Dar es Salaam haukuja kumwaga machozi kwa ajili ya mhusika mkuu.

Kipimo kikuu katika mazungumzo ya Bongo Muvi ni kuuvaa uhusika. Mwigizaji mzuri ameuvaa. Mbaya umempwaya au umembana, kama nguo. Usemi huu unastahili kutazamwa kwa makini na wanaopenda kutenga lugha ya chuo na lugha ya mtaa. Mhusika ni istilahi ya darasa la fasihi. Ilitoka darasani ikaenda mtaani, ikanyambuliwa kuwa uhusika, ikapewa kitenzi cha mavazi, na sasa inaeleza jambo ambalo darasa halikuwa limelieleza: uhusiano kati ya mwili wa mwigizaji na nafasi aliyopewa. Usawiri, istilahi iliyozoeleka vitabuni, humhusu mwandishi. Kuuvaa uhusika humhusu mwigizaji. Zote mbili zinahitajika, na hakuna kamati iliyoketi kuibuni hii ya pili.

5.0 Pingamizi

Yapo mapingamizi. La kwanza ni kwamba maneno haya ni ya mitaani. Ni kweli, na daladala nalo lilikuwa hivyohivyo. Usanifishaji wa Kiswahili haukuwahi kujifungia chumbani: ikulu ilichukuliwa kutoka Kinyamwezi na ngeli kutoka Kihaya, kwa sababu palikuwa na dhana iliyohitaji jina na jina lilikuwa tayari liko mahali. Pingamizi la pili, kwamba stelingi ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu, limekwisha kujibiwa hapo juu. La tatu lina nguvu zaidi: maneno haya hutofautiana kwa mahali na kwa rika, na mengine hufa haraka. Lakini huo ni msingi wa kuyakusanya mapema, wala si sababu ya kuyapuuza. Mengi ya majumba ya sinema ya Tanzania yalikwisha kufungwa kufikia miaka ya 1990. Aliyekuwa na umri wa miaka ishirini Sholay ilipotoka mwaka 1975 sasa amevuka sabini. Alivyozungumza na wenzake wakati wa kutoka Majestic, aliita nini mapumziko ya katikati, alimwitaje mtu aliyewaharibia wengine utamu kwa kutangulia kusema mwisho wa filamu: hayo hayamo katika kumbukumbu za kampuni wala za wizara. Yamo kichwani mwake tu.

Si haki kuvibeza vyombo vya istilahi. Mwongozaji, mtayarishaji, mwigizaji na filamu yenyewe ni maneno yaliyokubalika vyema, nayo yanawafaa wanaotengeneza kazi. Yanayokosekana katika orodha ni ya upande wa pili wa turubai, upande wa anayetazama. Na huko ndiko kuliko na utajiri. Kazi inayotakiwa haihitaji fedha nyingi. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaotafuta mada za utafiti wangeweza kupelekwa barazani na kwenye vibanda umiza, wakiwa na kinasa sauti na ruhusa ya wenyewe, wakawasikiliza wazee wakihadithia picha mbili tatu na vijana wakibishana juu ya sizoni, kisha wakayanukuu mazungumzo hayo pamoja na njeo zake, upatanisho wake na tanakali zake. Mwanaleksikografia angepata data. Mwalimu wa fasihi angepata nadharia. Na mwanafunzi aliyekuja chuoni akijua maana ya stelingi asingelazimika kuisahau ili apate alama.

Kama mfano wa kuanzia, kitomeo cha neno lililochukua nafasi kubwa katika makala hii kingeweza kuandikwa hivi:

stelingi nm ma- [a-/wa-] 1. mhusika wa filamu ambaye watazamaji humtarajia kumshinda adui na kubaki hai hadi mwisho: ~ hafi. 2. mwigizaji anayechukua nafasi hiyo. 3. (maz.) mtu anayeongoza au anayesifika zaidi katika shughuli fulani.

Kwa fasili hii, Jai wa Sholay bado yuko mashakani. Atakayewarekodi wazee kwanza ndiye atakayejua kama maana ya nne inahitajika kwa ajili yake.